Jino la Kupimia Maharage

Kama umeanza kusoma haya huku umeshika shavu, pole kwanza, mengine baadaye. Najua unachokisikia. Umekaa mzima, unacheka na watu, halafu kitu kinapita ndani ya taya kama umeme, kinafika sikioni, kinaondoka. Unabaki na chozi kwenye jicho moja na hakuna aliyeona chochote. Hata wewe mwenyewe unaanza kujiuliza kama kweli umesikia. Umesikia. Mimi niliishi nacho tangu masika yanaanza hadi kipupwe kinaingia, na leo nakunywa maji ya baridi kwa upande wowote ninaoutaka. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Naitwa Somoe. Nauza maharage na mchele Kariakoo, kwenye kibanda alichotuachia mama. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na kwetu mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu yupo Hamisi, na wa mwisho ni Hadija, ambaye tunamwita Dija. Nilivua sare ya shule nikajifunga kanga ya mama kiunoni, nikasimama alipokuwa akisimama yeye. Wadogo zangu walikula, walisoma, wakakua. Sina kinyongo na hilo.

Maharage yanayoshushwa kwenye magari ya mikoani huwezi kuyaamini kwa macho. Mwenye mzigo atakuapia kuwa makavu. Yakiwa mabichi yatafukuta ndani ya gunia, yatavunda, na mama lishe aliyenunua kwako atakutangaza soko zima. Kwa hiyo unachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochota punje kutoka katikati, unatia harage moja mdomoni, unalipeleka kwenye gego, unauma. Kavu linavunjika kwa mlio. Bichi linapokea jino na kubaki na alama. Mama alinifundisha hivyo tangu mdogo. "Macho yanadanganywa na jua," alikuwa akisema, "lakini jino halina urafiki na mtu." Yeye alinielekeza niume kwa kulia, nami nikauma kwa kulia miaka yote. Wateja walijua: dada Somoe akishauma, hakuna wa kubishana naye.

Asubuhi ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha na maji yamejaa mtaani. Niliuma harage, likavunjika vizuri tu. Ni pale nilipoachia ndipo taya likapigwa. Zingatia hilo: nilipoachia, si nilipouma. Mimi sikulizingatia. Nilidhani nimeuma kijiwe, nikatema, nikaendelea na gunia la pili.

Kibanda cha jirani ni cha Mama Ashura, muuza viungo, mtu mzima aliyemjua mama yangu. Yeye ndiye aliyegundua kabla ya ndugu zangu.

"Wee Somoe, mbona umekunja uso kama umelamba ukwaju?"

"Shikamoo mama. Jino tu."

"Marahaba. Jino tu? Jino halinaga tu. Lina mdudu hilo. Kaa hapa."

Akanipa karafuu nibane, na kusema kweli karafuu ilinituliza kidogo. Ila Mama Ashura hakuishia hapo. Siku iliyofuata alikuja na mbegu za ndulele, akazimwaga kwenye kaa la moto, akanifunika kanga nivute moshi ule kwa mdomo ili mdudu aanguke kwenye bakuli la maji. Nilikohoa mpaka mteja mmoja akauliza kama kibanda kinaungua. Nilipofunuliwa, Mama Ashura alikuwa ameinamia bakuli.

"Umemwona? Huyo hapo! Mnene!"

Nikachungulia. Lilikuwa ganda la mbegu.

"Mama, hili ni ganda."

"Ganda lina kichwa? Tazama vizuri, mwanangu."

Nilicheka, nikavuta pumzi ya baridi kwa mdomo wakati nacheka, na umeme ukapita palepale. Mama Ashura akasema basi mdudu yule alikuwa na mwenzake.

Masika yakaendelea, nami nikaanza kubadilika bila kujijua. Nilitafunia kushoto. Nilifunika mdomo kwa mtandio nikipita penye upepo. Maji niliyapasha moto kidogo kabla ya kunywa, na joto hili la Dar lilivyo. Muhogo wa kukaanga nikauacha, miwa nikaiacha, karanga nikawa naziangalia kama mali ya watu. Shavu la kulia likabonyea kidogo kwa sababu sikulitumia. Dija alianza kunikatia mkate na kuondoa ganda bila kuniuliza. Mimi niliyekuwa nikimkatia yeye sasa nakatiwa, na nikawa namkaripia kwa vitu vya ovyo, kufuli halikufungwa vizuri, kipimo kimewekwa juu chini. Maumivu yasiyoonekana yana tabia hiyo. Yanakufanya uwe mkali kwa watu wanaoonekana.

Hamisi anafanya kazi Posta, anapeleka nyaraka maofisini, na huja kula kwetu Jumapili. Jumapili moja aliniona nimeacha nyama yote pembeni ya sahani.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Anaumwa jino, mwezi sasa," Dija akasema.

"Dija!"

Hamisi akasukuma sahani. "Sasa dada, sisi tunaambiwa lini? Ukishazikwa?"

"Hamisi, adabu."

"Leo sina. Mimi nikipiga chafya ulikuwa unanibeba mgongoni hadi zahanati. Wewe taya limekupinda, unatuambia siumwi. Hilo jino si likang'olewe tu!"

Niliondoka mezani. Sikuwa nimemkasirikia yeye. Nilizoea kuwa mtu wa kuuliza wengine wamekula nini, na sikujua wapi pa kukaa wakati mimi ndiye naulizwa.

Kilichonisukuma hospitali hakikuwa ugomvi ule wala maumivu yenyewe. Ulikuwa mzigo. Maharage ya njano yaliingia wakati mvua bado zinanyesha, na kwa sababu sikuthubutu kuuma kwa kulia, niliuma kwa kushoto. Jino la kushoto halikuwahi kufundishwa kazi. Nilisikia mlio, nikasema makavu, nikapokea. Baada ya siku chache nilifungua gunia nikatia mkono hadi kiwiko, na ndani kulikuwa na joto kama la mtu mwenye homa. Harufu ilinijia kabla sijautoa mkono. Mama lishe wawili walirudisha walichonunua. Mmoja wa wapagazi, kijana mwenye mdomo, akasema kwa sauti ya kusikika vibanda vitatu, "Siku hizi dada Somoe anauma kwa fizi!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ukinuna sokoni umekwisha.

Lakini nilirudi nyumbani na hofu. Elimu yangu ni ile ya kidato cha pili. Nilichokuwa nacho mjini hapa ni jino ambalo watu wanaliamini. Kama sijui tena kutofautisha gunia kavu na bichi, nyumba yetu inasimamia nini? Nikaamua ling'olewe, nipone, nifundishe jino lingine mapema kabla mavuno makubwa hayajaingia. Na nilijua ni lipi. Gego la chini kulia lilikuwa na doa jeusi. Nililihukumu kwa rangi yake.

Hospitali yenyewe ni ya hapa hapa mjini. Tulifika asubuhi mimi na Dija, tukakuta benchi limejaa watu wameshika mashavu. Ukitaka kujua kwamba hauko peke yako duniani, kaa kwenye benchi la meno. Kila mtu anasema umeme ule ule, na kila mmoja ana lake. Kijana fundi simu alikuwa na tundu; soda ikipita anaruka. Mama mmoja wa Ilala alikuwa akisugua meno kwa mkaa na chumvi ili yang'ae, akasugua mpaka fizi zikapanda na shingo za meno zikabaki wazi, sasa hata hewa inamchoma. Mzee mmoja alikuwa ameingia tayari kung'olewa, akatoka amenuna.

"Wamesemaje, babu?" fundi simu akamuuliza.

"Wanasema meno mazima. Ati mafua yamejaa ndani ya mashavu ndiyo yanasukuma meno ya juu. Nimekuja na jino, narudi na dawa ya mafua!"

"Si bora, babu? Umeokoa jino."

"Nimeaga nyumbani nakwenda kung'oa, wewe. Nitawaonyesha nini?"

Benchi zima likacheka, kila mtu upande mmoja wa mdomo.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye mikono ya baridi.

"Karibu dada. Jino gani linakusumbua?"

"Hili la chini, lenye doa. Liondoe."

"Ngoja nilione kwanza."

"Mimi nimeshaliona."

Akatabasamu, akaliangalia hata hivyo. Akaniambia doa lile ni dogo, pengine lingezibwa tu, na kwamba angependa tufanye uchunguzi zaidi. Nikamwambia nauza maharage, sina muda wa njoo kesho njoo keshokutwa, nimeumwa masika yote na linalouma nalijua. Akasema jino ni langu. Akanichoma sindano ya ganzi, akaniambia nikasubiri nje mpaka ishike.

Ganzi ikashika. Mdomo wa chini ukawa mzito, nusu ya ulimi ikalala. Dija alinitazama akashindwa kujizuia.

"Dada, mdomo wako umehama."

"Nshheke tu," nikamwambia, na yeye akazidi.

Dawa ile ilikuwa chungu kooni. Dija alikuwa na chupa ya maji aliyonunua nje, yametoka kwenye barafu. Nikayachukua nisukutue, maana si nimeshakufa ganzi? Nikavuta funda moja.

Umeme ukanipiga hadi kisogoni. Nilisimama nikayamwaga maji kwenye gauni. Nikaingia kwa daktari bila kuitwa, huku nashindwa kusema vizuri, nikamwambia sindano haijashika.

Akanilaza. Akagonga lile jino la chini kwa chuma. Akalisukuma. Akachoma fizi.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Hata hapa?"

"Hata hapo."

"Na maji yamekupiga?"

"Yamenipiga sana, daktari."

Akarudisha koleo la kung'olea kwenye sinia, na mlio wa koleo lile kugusa sinia siwezi kuusahau.

"Basi dada yangu, tulikuwa tunataka kumfunga asiye na kosa."

Maumivu ya jino yanahama, alinieleza. Lililopasuka juu linaweza kulia chini. Akachukua kijiti, akaniwekea kwenye jino moja moja upande wa kulia. Uma. Achia. Uma. Achia. Alipofika kwenye gego la juu niliuma bila shida yoyote, na nilipoachia nikamshika mkono kwa nguvu hadi glovu ikateleza.

"Tumempata," akasema.

Akanionyesha kwenye kioo. Ufa mwembamba kama unywele, umekatiza jino katikati. Ukiuma, vipande vinabanana. Ukiachia, vinafunguka na ndani kunachomwa. Hakikuwa kitu cha jana.

"Unafanya kazi gani vile?"

"Nauza maharage."

"Huwa unayatafuna mabichi?"

Dija alidakia kutoka mlangoni. "Anayapima kwa jino. Marehemu mama ndiye alimfundisha."

Daktari akauliza, bila nia mbaya, kama tu mtu anayeandika maelezo, "Na mama meno yake yalikuwaje upande wa kulia?"

Mama alipoondoka Dija alikuwa mdogo mno kukumbuka. Nilikumbuka mimi. Nilimkumbuka mama akitafuna upande mmoja, upande wa kushoto, na tulidhani ni mazoea. Nilimkumbuka amejifunga kanga kutoka utosini hadi chini ya kidevu, na tukimuuliza anasema upepo. Akicheka, kulia kulikuwa na mapengo. Mama hakuwa mzee. Alikuwa akiumwa kitu hiki hiki, amebana karafuu, anauma maharage, ananifundisha na mimi niume. Hakujua. Nami nililala pale kwenye kiti nikalia, daktari akadhani nimeumia, akaomba radhi.

Akanieleza kilichobaki. Kama ufa umeishia kwenye kichwa cha jino, wataliokoa: watatoa mshipa wa ndani, watasafisha mizizi, halafu watalivika kofia ili vipande visifunguke. Kama umeingia hadi mzizini, hapo lingeng'olewa kweli. Asingejua mpaka alifungue.

Nilingoja siku ya kufunguliwa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Jino la chini nililolihukumu kwa doa lake nililiomba msamaha kwa ulimi kila siku, na lile la juu nililiombea dua. Watu watasema ni jino tu, una mengine. Wasemao hivyo hawajawahi kulala na kuamka wakisubiri kitu kidogo kiwahurumie.

Siku ile Hamisi aliomba ruhusa kazini akashika kibanda, na shati lake la ofisini. Dija alikuja nami, akasimama mwisho wa kiti, akanishika vidole vya mguu kupitia kiatu. Ganzi safari hii iliingia juu, na dunia ikanyamaza. Sijui nikuelezeje ule ukimya. Tangu masika sikuwa nimeusikia. Daktari alifanya kazi muda mrefu, kisha akainua kichwa.

"Haujafika mzizini," akasema.

Sikuweza kujibu kwa sababu mdomo ulikuwa wazi. Dija ndiye aliyejibu. "Alhamdulillahi," akasema, akanibana vidole mpaka vikauma, na hayo ndiyo maumivu pekee niliyoyasikia siku ile.

Tulipofika sokoni, Mama Ashura alikuwa ameshika kiuno. "Ondoeni huyu karani wenu hapa! Kamuuzia mtu soya kasema maharage meupe!" Hamisi akajitetea kwamba yote ni meupe. Nikacheka kwa mdomo mzima, nusu yake imelala.

Nilirudi hospitali mara kadhaa baada ya hapo. Kuwekewa dawa, kusafishwa mizizi tena, kuzibwa, kupimwa kofia. Jino liliniuma kidogo baada ya kila safari, maumivu ya kupona, ambayo ni mazito na mapole, hayafanani na yale. Mvua zikaisha. Kipupwe kikaingia, asubuhi zikawa na ubaridi kidogo, na kofia ikavikwa. Nilitoka pale nikanunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili, nikautafuna kwa kulia nimesimama kando ya barabara, watu wananipita.

Ila daktari alinipa sharti. "Kofia hii itakula ugali, nyama, chochote cha mtu. Harage kavu isiume tena."

Kwa hiyo jino lilipona na kazi yake ikaisha. Sikuwa nimelitarajia hilo. Nilikaa na huzuni hiyo siku mbili tatu, mpaka Hamisi alipokuja na chupa ya kioo aliyoikausha vizuri na chumvi kavu ndani yake. Aliona kwenye simu, akasema. Unatia maharage, unafunga, unatikisa, unaacha yatulie kidogo, unatikisa tena. Yakiwa mabichi, chumvi inaganda kwenye kioo. Yakiwa makavu, inaanguka chini yote.

"Simu yako imewahi kuuza maharage?" nikamuuliza.

"Jaribu kwanza, dada. Usinune."

Nikatia yale yaliyoharibika, yaliyokuwa yamebaki kwa ajili ya kutupwa. Chumvi ikatanda kioo chote kama ukungu. Nikaosha, nikakausha, nikatia makavu ninayoyajua. Kioo kikabaki safi, chumvi yote chini. Mama Ashura akasema ni mazingaombwe, lakini kesho yake alikuja kuniazima chupa apimie pilipili manga zake.

Basi wewe uliyeshika shavu, sikia haya machache kutoka kwa mtu asiye daktari. Usitie maji ya betri, wala kidonge usikisage ukakipaka kwenye fizi, nimewaona walioungua. Usimeze mabaki ya dawa za jirani. Karafuu itakutuliza, haitakutibu. Angalia umeme unakuja lini, kwa baridi, kwa utamu, unapouma au unapoachia, na ukamwambie daktari hivyo hivyo, maana hayo ndiyo macho yake. Uso ukivimba, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje hata kesho. Na ukienda, usiende na hukumu mkononi kama mimi. Mwache atafute mwenye kosa.

Mavuno yameingia sasa. Juzi gari lilishusha maharage kutoka Mbeya, wapagazi wanapita na magunia, yule mwenye mdomo akiwa mbele yao. Dija alichoma gunia la kwanza kwa bambo, na kabla sijageuka vizuri, mkono wake ukapanda mdomoni. Hakuna aliyemfundisha. Aliniangalia tu miaka yote, kama nilivyomwangalia mama.

Niliweka kiganja chini ya kidevu chake.

"Tema."

"Dada, moja tu, nisikie."

"Dija. Tema."

Yule mpagazi akasimama na gunia begani. "Leo hamuumi?"

"Hatuumi," nikamwambia. "Leta chupa hiyo hapo."

Dija akatema. Harage likaanguka kiganjani mwangu, limelowa mate, la moto kidogo. Nikaligeuza huku na huku kwenye mwanga. Halikuwa na alama ya jino.